Ukinzani wa waya, na kwa nini spika haijui bei

Ukinzani ni namna waya unavyoupinga umeme unaopita ndani yake. Hakuna waya usiopinga, uwe wa shaba au wa fedha. Kadiri waya unavyokuwa mrefu ndivyo ukinzani unavyopanda. Kadiri unavyokuwa mnene ndivyo unavyoshuka. Kipimo chake ni omu. Neno hili moja, ukinzani, likikukaa vizuri kichwani, ubishi mwingi kuhusu kama nyaya za spika za bei ya kutisha huboresha sauti unakwisha kabla chai haijapoa.

Tuchukue sebule ya kawaida ya Nairobi, tuseme Umoja au South B. Spika iko mita 5 kutoka kwa amplifaya. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo unasafiri mita 10 za waya. Waya wa 2.5, yaani unene wa milimita za mraba 2.5, ule ule ambao fundi wa umeme huuvuta kwenye soketi, una ukinzani wa omu 7 na kitu kwa kilomita nzima. Kwa mita 10 hiyo ni omu 0.07. Spika yenyewe imeandikwa omu 8. Waya basi unakula chini ya sehemu moja katika mia ya kile kilichotumwa, na ukigeuza hesabu hiyo kuwa sauti unapata pungufu ya desibeli 0.1 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kiasi ambacho sikio halikipati.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Ndani ya spika, nyuma ya ile karatasi inayotetemeka, kuna koili: mita kadhaa za waya mwembamba sana wa shaba uliozungushwa. Kwenye spika ya omu 8, koili peke yake huwa na omu 6 hivi. Kwa hiyo unaweza kuleta umeme kwa waya mnene kama mkono wa mtoto, uliosukwa kwa hariri, na bado ukifika pale utapenya kwenye uzi huo huo.

Fedha je? Ni kweli inapitisha umeme vizuri kuliko shaba, lakini kwa karibu asilimia 5 tu. Ukitaka faida hiyo, chukua shaba nene kidogo na pesa zako zibaki mfukoni. Na ile shaba inayosifiwa kuwa haina oksijeni, sawa, ni safi, ila shaba ya kawaida ya umeme nayo tayari ni safi kwa asilimia 99.9.

Sisemi waya hauna maana. Ule mwembamba unaokuja bure ndani ya katoni, wa 0.5, kwa safari hiyo hiyo una omu 0.36. Ukiufunga kwenye spika ya omu 4 unapoteza robo tatu ya desibeli, tena bila usawa, kwa sababu ukinzani wa spika hupanda na kushuka kulingana na noti. Hapo mwenye masikio makali anaweza kusikia kitu. Dawa yake ni waya mnene zaidi, wala hauhitaji kuwa wa kifahari.

Anayeuelewa ukinzani kwa mwili wake ni fundi wa muziki wa magari. Amplifaya kubwa kwenye gari la volti 12 inaweza kuvuta ampea 100 besi inapogonga. Kwa mvuto huo, ukinzani wa omu 0.01 tu unameza volti nzima kati ya zile 12, na wati 100 zinageuka kuwa joto ndani ya waya. Ndiyo maana waya wa kutoka betri hadi buti huwa mnene vile. Omu 0.01 ni ile ile, lakini sebuleni kwako haifanyi lolote na kwenye gari inaweza kuunguza kapeti.

Mbona basi watu waaminifu kabisa huapa kwamba waya mpya umefungua sauti? Kwa sababu sikio halisikilizi peke yake. Linajua umelipa ngapi. Pia sauti iliyopanda kidogo tu huonekana tamu zaidi hata kama hakuna kingine kilichobadilika. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe aliyejulikana kwa kufichua madai ya miujiza, aliahidi dola milioni 1 kwa atakayetofautisha kwa kusikia tu nyaya za Pear Anjou, zilizouzwa dola 7,250, na nyaya nzuri za bei ya chini. Pande hazikuelewana na jaribio halikufanyika, kwa hiyo hakuna mshindi wa kutajwa. Lakini piga hesabu: kwa shilingi 129 kwa dola, hizo ni laki tisa na ushee. Hiyo ni Probox, na Probox ina magurudumu.

Jaribio lako mwenyewe halihitaji dola milioni. Mwambie mdogo wako akae nyuma ya kabati, arushe sarafu, afunge waya huu au ule bila kukuambia, wala usiguse kitufe cha sauti. Rudieni mara 10. Anayebahatisha atapata karibu 5. Kupata 9 au zaidi kwa bahati tu hutokea kama mara moja katika mia. Ukipata 9, nunua, sitakubishia.

Kwa HDMI, waya wa kupeleka picha kwenye TV, mambo ni mepesi zaidi: picha inapita au inakatika-katika. Nyaya za RCA, zile za vichwa vyekundu na vyeupe zinazopeleka sauti kwenye amplifaya, zinahitaji wavu mzuri wa kuzuia kelele, basi. Ule mvumo wa mmm usiokoma mara nyingi unatoka kwenye erthi, na waya wa bei hauutibu.

Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, ina hatari nyingine kabisa. Niliwahi kununua roli ya waya wa spika iliyoandikwa shaba, duka silitaji, nikafika nyumbani, nikakwangua kwa wembe, ndani nyeupe. Alumini iliyovikwa ngozi ya shaba. Alumini hupinga umeme karibu mara 1.6 ya shaba, kwa hiyo ili ilingane na 2.5 ya shaba inabidi iwe kama 4. Kinachokera ni kuuziwa kwa bei ya shaba. Usiichanganye na shaba iliyopakwa bati, ambayo nje ni nyeupe na ndani nyekundu. Hiyo ni nzuri. Pima uzito pia kwa mkono, maana shaba ni nzito zaidi ya mara tatu ya alumini. Siku hizi naenda na wembe, namwomba muuzaji akate kipande kidogo, nakwangua pale pale kaunta. Wengine hucheka. Mmoja alirudisha roli kwenye rafu na kuniletea nyingine bila kusema neno.