Zawadi kwa mtoto anayependa kusoma: dhana potofu na ukweli

Mtoto anayependa kusoma hudhaniwa ndiye rahisi kuliko wote kumnunulia zawadi: kitabu, basi. Matokeo yake ni rafu iliyojaa vitabu vizuri ambavyo hajavigusa, huku kile anachokipenda kimechakaa kwa kurudiwa. Kosa huanza mtoaji anapomnunulia msomaji aliye kichwani mwake badala ya huyu aliye mbele yake.

Dhana: Mtoto mwerevu apewe kitabu cha waliomzidi umri.

Kutamka maneno ni jambo moja, kufuata habari ni jingine. Mtoto wa miaka saba anaweza kuteremka na ukurasa mzima wa riwaya ya vijana bila kukwama, kisha asiweze kukueleza nani kamkasirikia nani na kwa nini.

Kipimo cha haraka ni cha vidole vitano. Fungua ukurasa wa katikati uliojaa maandishi. Usichague ukurasa unaoanza sura, maana mara nyingi huo una nusu tu ya maneno. Mtoto asome kwa sauti, na kila neno asilolijua akunje kidole. Asipokunja hata kimoja, au akikunja kimoja tu, kitabu ni chepesi. Viwili au vitatu, kinamfaa. Vinne, asome akiwa na mtu karibu. Vitano, kisubiri. Kipimo hiki hakifai kwa vitabu vya wadogo vyenye maneno ishirini kwa ukurasa, kwani hapo hata maneno mawili magumu ni mengi. Ukimaliza, muulize swali moja tu: kumetokea nini? Jibu hilo ndilo lenye uzito zaidi kuliko vidole.

Kama zawadi ni ya siri, chungulia kitabu anachokisoma sasa. Tazama ukubwa wa herufi, urefu wa sentensi na idadi ya kurasa, kisha tafuta kinachokaribiana nacho.

Hata hivyo, kitabu kigumu si cha kutupa. Mtoto huelewa kwa kusikiliza mambo ambayo bado hawezi kuyasoma mwenyewe. Kwa hiyo kinafaa kuwa zawadi ikiwa mtoaji atakaa naye na kumsomea. Bila msomaji wa kumsomea, kitakaa rafuni.

Dhana: Katuni na hadithi za picha si kusoma.

Ni kusoma, tena kwa kazi mbili. Baina ya kisanduku kimoja na kinachofuata kuna pengo: mlango ulikuwa wazi, sasa umefungwa, na hakuna aliyeandika nani kaufunga. Msomaji ndiye anayejaza. Kinachowasumbua wasomaji wapya ni mpangilio. Vitabu vya katuni vya Kijapani vilivyobaki katika mtindo wa asili husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na mtoto asiyeambiwa huanza hadithi mwishoni. Mwoneshe kurasa mbili za mwanzo, inatosha.

Dhana: Seti nzima ya mfululizo ni bora kuliko kitabu kimoja.

Seti hupendeza kwenye kasha lake, lakini kitabu cha kwanza kisipomvutia, vyote vilivyobaki ni mzigo. Nunua cha kwanza na cha pili. Cha pili humwokoa asikatishwe hamu akimaliza cha kwanza usiku.

Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa haki za uchapishaji, ule wenye maandishi madogo. Hapo ndipo maneno kama “toleo lililofupishwa” au “imesimuliwa upya” hujificha, na jalada huenda lisiseme lolote. Ukiona kitabu kinachojulikana kwa unene kina kurasa 90, shuku. Ukiagiza kwa mtandao, linganisha ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, tarakimu kwa tarakimu. Kila toleo lina namba yake, na picha inayooneshwa inaweza kuwa ya toleo jingine.

Dhana: Jalada gumu hudumu kuliko jalada laini.

Kinachodumisha kitabu ni namna kurasa zilivyoshikanishwa mgongoni. Kitazame kwa juu, pale kurasa zinapokutana na mgongo. Ukiona vifungu vidogo vya karatasi zilizokunjwa, na ukikifungua katikati ya kifungu ukaona uzi, kimeshonwa. Ukiona karatasi zilizokatwa sawasawa na mstari wa gundi, kimegandishwa tu. Kuna vitabu vya jalada gumu vilivyogandishwa, na hivyo huachia kurasa kama vya jalada laini. Hali huwa mbaya zaidi mtoto akikilaza kifudifudi kikiwa wazi.

Tena jalada gumu ni zito. Mtoto anayesoma kitandani, kitabu juu ya uso, atashukuru kwa jalada laini. Kwa aliye chini ya miaka mitatu hakuna mjadala: kurasa za kadi nene, pembe zilizoviringwa, bila vipande vinavyobanduka.

Dhana: Salamu ziandikwe ndani ya kitabu, ndipo kiwe zawadi.

Kitabu kilichoandikwa hakibadilishiki dukani, na msomaji wa vitabu vingi ndiye aliye na uwezekano wa kuwa nacho tayari. Andika kwenye kipande cha karatasi cha sentimita 7 kwa 10, kiache huru ndani pamoja na risiti, kisha kibandikwe atakapoamua kubaki na kitabu. Gundi iwe ya kijiti. Gundi ya majimaji hulainisha karatasi, nayo hukauka ikiwa na mikunjo. Paka kuanzia katikati kwenda kingoni, bandika, weka karatasi isiyonata juu yake, funga kitabu na uweke vitabu vizito juu yake hadi asubuhi.

Dhana: Kusoma kwenye mwanga hafifu huharibu macho, kwa hiyo taa yoyote ni zawadi njema.

Mwanga hafifu huchosha macho lakini hauyaachii madhara ya kudumu. Linalohusishwa na kutoona mbali ni kukaa muda mrefu macho yakiwa karibu mno na ukurasa, pamoja na kukosa muda wa kutosha nje mchana. Taa ni zawadi nzuri, ila ichague. Taa ya kubana kitabuni ikiwa na kibanio kizito hukunja jalada laini na kuangukia pua. Mwanga uwe wa manjano kiasi na wenye kupunguzika. Muhimu kupita yote ni betri. Zile bapa za duara, mtoto akizimeza, zinaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Chukua taa ya kuchaji, au yenye kifuniko cha betri kinachofungwa kwa skrubu.

Dhana: Kitabu cha sauti ni uvivu.

Si uvivu. Kwa mtoto anayesoma polepole, kusikiliza huku akifuata maandishi kwa kidole ni mazoezi. Hakikisha tu rekodi na kitabu ni vya toleo moja, la sivyo atapotea ukurasa wa pili.

Dhana: Zawadi ya msomaji lazima iwe kitabu kilichochapwa.

Wasomaji wengi wadogo huandika pia, na kitabu kitupu kilichoshonwa kwa mkono huwafaa. Chukua karatasi nane za A4, zikunje pamoja katikati, utapata kurasa 32. Ongeza jalada la karatasi nene. Toboa kwa msharasi matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, mengine sentimita 4 kutoka kila ncha. Kata uzi wa sentimita 55 hivi. Ingiza sindano tundu la katikati kutoka ndani kwenda nje, na uache mkia wa sentimita 8. Rudi ndani kwa tundu la juu, ruka la katikati, toka kwa la chini, kisha ingia tena katikati. Hakikisha ncha mbili ziko pande tofauti za uzi mrefu uliopita ndani, kisha funga fundo juu yake. Zikiwa upande mmoja, fundo halitaushika uzi huo na mshono utalegea.

Uzi uvutwe sambamba na mkunjo. Ukiuvuta kwa kuunyanyua, karatasi huchanika. Usizidishe karatasi nane, kwani za ndani zitachomoza ukingoni na utalazimika kuzikata. Ukurasa wa kwanza uache mtupu. Jina la kitabu atalipata mwenyewe, pengine baada ya kukimaliza.