Je, wajua kwa nini Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kununua Tusker mpaka 1947?

Leo ukiingia baa yoyote Kenya, kuanzia Busia mpaka Malindi, Tusker inachukuliwa kama bia ya mwananchi kabisa, ndio maana hata matangazo yake yalikuwa yanasema "bia yangu, nchi yangu". Lakini kwa miaka 25 ya kwanza ya hiyo bia, Mwafrika kukutwa na chupa yake ilikuwa kesi. Muhindi alikunywa, Mzungu alikunywa, ila mwenye nchi ndiye aliyekatazwa.

Tuanze na kiwanda chenyewe. Kenya Breweries ilianzishwa 1922 pale Ruaraka, nje ya Nairobi ya wakati huo, na ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst. Bia ya kwanza, kreti 10 tu, ilipelekwa Stanley Hotel mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Mwaka uliofuata George akauawa na ndovu akiwa kwenye uwindaji na bia ikapewa jina la huyo ndovu mwenye pembe, ndio Tusker ikazaliwa. Wateja wao walikuwa masetla, maafisa wa serikali na watu wa mahoteli.

Sasa kwa nini Mwafrika akafungiwa nje? Mzizi uko mbali kidogo. 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana kule Brussels kuzuia biashara ya pombe kali kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili, na mkataba mwingine wa 1919 ukakazia hapo hapo. Mkataba ulihusu pombe kali tu, lakini serikali ya koloni Kenya ikaenda mbali zaidi ikajumlisha kila kinywaji cha Kizungu, bia na waini ndani. Sababu waliyotoa ni kumlinda Mwafrika asiharibike. Ukichimba kidogo unakuta mengine: setla alitaka kibarua afike shambani Jumatatu akiwa mzima, na zaidi ya hapo, utawala mzima ulisimama juu ya wazo kwamba Mzungu na Mwafrika sio watu wa kukaa meza moja na glasi moja. Mimi naamini hilo la mwisho ndilo lilikuwa zito kuliko yote, maana kama shida ingekuwa ulevi peke yake wangekataza pombe zote, na hawakukataza.

Kwa sababu pombe ya kienyeji iliendelea, ila kwa kibali. Chifu alipewa mamlaka ya kuamua nani apike na lini, kwa hiyo mzee anayetaka muratina, pombe ya kienyeji ya asali, kwa ajili ya mahari ya bintiye anaenda kwanza kuomba ruhusa kwa chifu. Mjini ilikuwa mbaya zaidi. Kuanzia miaka ya 1920 manispaa ya Nairobi ilijipa haki ya kupika na kuuza pombe ya kienyeji Pumwani, kwenye kilabu chake yenyewe, na mtu mwingine yeyote akipika ni haramu. Faida ikaingia kwenye mfuko wa kulipia huduma za Waafrika, yaani Mwafrika anagharamia huduma zake mwenyewe kwa kulewa!

Waliobeba mzigo wa hiyo sheria ni wanawake. Kupika busaa, pombe ya kienyeji ya nafaka, ni kazi yao tangu zamani na sio kazi ndogo: unga wa mahindi unakandwa na maji unaachwa siku kadhaa uchachuke, halafu unakaangwa juu ya bati kwenye moto, unageuzwa geuzwa mpaka uwe kahawia na harufu ijae boma zima, ndio unachanganywa na maji na kimea cha wimbi, unaachwa tena uive, kisha unachujwa. Hiyo harufu huwezi kuificha, ndio maana polisi hawakuhitaji mpelelezi. Mama aliyekuja mjini bila kazi ya ofisi na bila shamba, hiyo ndiyo ilikuwa karo ya watoto na kodi ya nyumba, na ndiyo ilimpeleka kortini.

Basi nini kilibadilika 1947? Vita vya Pili vya Dunia. Maelfu kwa maelfu ya Wakenya walipigana kwenye KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, kule Abyssinia (Ethiopia ya leo) na Burma, na kumwambia mtu aliyetoka kupigania ufalme kwamba bia ni ya wakubwa tu ikawa ngumu kumeza. Halafu kuna hesabu ya biashara, sensa ya 1948 ilionyesha Wazungu hawafiki 30,000 nchi nzima na Waafrika ni zaidi ya milioni 5, sasa kiwanda gani kitakataa soko kama hilo? Bia ya chupa ikaruhusiwa. Pombe kali ikabaki imefungwa miaka kadhaa zaidi.

Chupa ikawa alama ya mtu aliyefika, na cha kienyeji kikabaki cha maskini, na hiyo tabaka haikuondoka na mkoloni. Serikali huru nayo ikarithi: 1980 ikapitishwa sheria maalum ya kupiga marufuku chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, na mama pima, yaani mama anayeiuza kwa kipimo, akaendelea kukimbizwa kama zamani. Watu hawakuacha kunywa, walinunua kwa kujificha, na mwenye kuuza kwa kujificha hakaguliwi na mtu. Novemba 2000 zaidi ya watu 130 walikufa Nairobi, wengi wao kwenye vijiji vya Mukuru, kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka.

Marufuku ilikuja kuondolewa 2010 kwa ile sheria ya vileo wengi wanaiita ya Mututho, kwa jina la mbunge John Mututho, ambayo watu wanaikumbuka kwa masaa ya baa ila ndani yake ndiyo iliyofuta sheria ya chang'aa. Chang'aa ikawa halali mradi iwe na laiseni, ikidhi viwango na iwekwe kwenye chupa. Ni nani kati ya kina mama wa Mathare ana mtaji wa mashine ya chupa? Aliyeweza kunufaika ni mwenye kiwanda. Hata Senator Keg, bia ya bei nafuu iliyotoka 2004 bila ushuru ili kuwavuta watu watoke kwenye chang'aa, ilifanya kazi hiyo mpaka serikali ilipoitoza ushuru 2013 na mauzo yakaanguka vibaya, na mwaka uliofuata vifo vya methanoli vikarudi Embu, Kiambu na Kitui. 2015 ushuru ukapunguzwa tena.