Chaneli yako inamhudumia nani? Kupata mwelekeo na kuushika

Fungua ukurasa wako, chukua machapisho 12 ya mwisho, na pembeni mwa kila moja andika ni nani analihitaji na ana shida gani. Usiandike mada, andika mtu. Ukimaliza, yapange kwa makundi: yanayomfaa mtu yuleyule yakae pamoja. Ukipata kundi moja au mawili, uko vizuri. Yakifika manne, unaendesha chaneli nne chini ya jina moja na kila moja inapata robo ya nguvu zako. Zoezi hili ni la nusu saa tu, nami hulitanguliza kabla ya mazungumzo yoyote ya kamera, taa au maikrofoni.

Waunda maudhui wengi wakiulizwa mwelekeo wao hutaja mada: teknolojia, fedha, mazoezi, ushonaji. Mada ni pana mno, haikusaidii kuamua wiki hii utengeneze nini na uache nini. Mwelekeo unaofanya kazi una vitu vitatu: mtu, hali aliyomo, na jambo atakaloliweza akishakutazama. Tuchukue ushonaji. Sentensi yake inaweza kuwa hivi: "Namsaidia aliyenunua cherehani yake ya kwanza ya nyumbani ashone nguo ya kuvalika bila kwenda darasani." Kila neno hapo linakata kitu. "Ya kwanza" linaondoa mbinu za fundi mzoefu. "Ya nyumbani" linaondoa mashine za kiwandani. "Nguo ya kuvalika" linaondoa mapazia na foronya, hata kama unazishona vizuri sana. Sentensi isiyokukataza kutengeneza kitu chochote bado haijakamilika, irudie.

Ukishaipata, ipime kwa vichwa 30. Kaa mara moja, bila kufungua chaneli za wengine, uandike vichwa 30 vya video au makala ambavyo mtu huyo angebofya. Kumi vya kwanza vitatoka haraka, na kwa kawaida ndivyo kila mtu anavyo. Kazi ipo kati ya cha 11 na cha 30. Ukikwama mapema, ama umebana mno au humjui huyo mtu vya kutosha. Kabla ya kubadili sentensi nenda kasome maswali yake. Vikifika 30 lakini nusu yake vinamfaa mtu mwingine kabisa, umepanua mno.

Maswali yenyewe hayako mbali. Andika mwanzo wa swali kwenye kisanduku cha kutafutia cha YouTube au Google uone kinavyolimalizia, kisha ongeza herufi moja moja. Soma komenti za chaneli kubwa zinazogusa mada yako ukitafuta maswali yanayojirudia bila kujibiwa. Hapo pana utajiri ambao watu huupita. Google Trends, ukurasa wa Google unaoonyesha neno linavyotafutwa kadiri muda unavyokwenda, nao unafaa, mradi ukumbuke kuwa namba zake za 0 hadi 100 ni uwiano tu. Mia ni kilele cha neno hilo kwa kipindi ulichochagua, haimaanishi kuwa watu wengi wanalitafuta.

Andika vichwa kwa maneno ya mwenye shida. Anayeanza kushona hatafuti "kurekebisha mkazo wa uzi", maana hajui kama kuna kitu kinachoitwa mkazo. Anachokiona ni uzi uliojikusanya kama kiota chini ya kitambaa, kwa hiyo anaandika "uzi unajisokota chini". Akiona fujo iko chini, anaanza kuifungua bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na kuirudisha, tena na tena. Mara nyingi chanzo kiko juu: alipitisha uzi wa juu wakati mguu unaobana kitambaa umeshushwa. Mguu ukiwa chini, visahani vinavyoubana uzi vimefungana, hivyo uzi unapita pembeni bila kushikwa, na ule uliolegea unavutwa wote kwenda chini. Dawa yake ni kuutoa uzi wa juu wote, kuinua mguu, kisha kuupitisha upya. Fundi mzoefu angeichoka video hiyo mapema. Mtu wako ataitazama hadi mwisho na kuihifadhi. Mwelekeo basi haukuchagulii mada peke yake. Unakuchagulia pia kina cha maelezo, maneno ya kutumia, na mambo ya kuyaruka.

Baada ya hapo, toa machapisho 10 hadi 12 ndani ya sentensi hiyo bila kuibadili. Ukitoa moja kwa wiki, ni takriban miezi mitatu. Ni muda mrefu, najua, lakini ndio unaokupa kitu cha kulinganisha. Mifumo ya mapendekezo hulinganisha video na mtazamaji kwa kuangalia alichobofya, alichokitazama na alikoachia. Tangu 2012 YouTube imeupa muda wa kutazama uzito kuliko idadi ya mibofyo. Video zako tatu mfululizo zikivuta watu watatu tofauti, aliyekufuatilia kwa ile ya kwanza ataziona hizo mbili na kupita, na baada ya muda ataacha kuletewa.

Kwenye takwimu watu hukimbilia idadi ya waliotazama, wakati kwa suala la mwelekeo namba yenye maana zaidi ni ya watazamaji wanaorudi. Ikipanda polepole huku jumla ikiyumba, uko njiani. Jumla ikipanda na wanaorudi wakabaki palepale, unavutia wapita njia. Kisha fungua mchoro unaoonyesha watu wanaachia wapi. Anguko kubwa ndani ya sekunde 30 za kwanza mara nyingi linasema kichwa na picha ya jalada vimeahidi kitu kingine, au umejitambulisha mno kabla ya kuanza kazi. Asilimia ya wanaobofya baada ya kuona picha ya jalada isikutishe: YouTube yenyewe inasema nusu ya chaneli na video zake huwa kati ya 2% na 10%, na kwa kawaida namba hiyo hushuka video inapoanza kupelekwa kwa watu wasiokujua.

Hatari kubwa kwa mwelekeo ni mafanikio yaliyotokea nje ya njia, wala si uvivu. Chaneli yetu ya ushonaji inaweka video moja ya kuchambua gauni la harusi la mtu maarufu. Inalipuka. Wafuasi wanamiminika, na mwenye chaneli anatoa uchambuzi wa magauni mengine matatu. La pili linapata nusu, la tatu halisogei, na akirudi kwenye cherehani anakuta wale wa mwanzo wamepoa na wale wapya hawana habari na uzi. Likikutokea, usiamue lolote kwa siku 7. Halafu tazama mambo mawili: waliokuja na video hiyo wamefungua nyingine yoyote? Na komenti zina swali linaloingia ndani ya sentensi yako? Likiwepo, tengeneza video moja ya kuwavusha, mfano "Kola ya gauni lile kwa cherehani ya nyumbani". Lisipokuwepo, iache video ilipo, usiifute wala usiizalie ndugu.

Mbio za kufikia vigezo vya malipo nazo huwapoteza wengi. Ili kupata mgawo wa matangazo, YouTube inataka watu 1,000 wanaokufuatilia pamoja na moja kati ya haya: saa 4,000 za kutazamwa hadharani ndani ya miezi 12, au Shorts, yaani video zake fupi, zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ni njia mbili tofauti. Muda unaotazamwa kwenye mkondo wa Shorts hauingii kwenye zile saa 4,000, kwa hiyo anayetoa vipande vya kutafuta kiki akidhani anajaza saa anapoteza saa na mwelekeo kwa pamoja.

Kwa matumizi ya kila wiki, kuwa na faili moja la mawazo. Kila wazo likae humo siku 14 kabla ya kurekodiwa, isipokuwa jambo la haraka kweli. Mengi yanayowaka leo yatakuwa yamezimika yenyewe. Kati ya machapisho matano, manne yawe ndani ya sentensi na moja liwe la majaribio, ila jaribu kitu kimoja tu kwa wakati: mtu yuleyule kwa muundo mpya, au muundo uleule kwa tatizo jipya. Ukibadili vyote, hutajua kilichofanya kazi. Wadhamini waandikie mapema orodha ya usichokubali kutangaza, kabla barua pepe yenye fedha haijaingia, maana ikishaingia kila bidhaa huanza kuonekana inafaa.

Kuna wakati sentensi yenyewe inapaswa kubadilika. Dalili yake iko kwenye komenti: maswali ya uzi na bobini yanapungua, watu wanaanza kuuliza jinsi ya kupunguza kiuno cha suruali au kuweka zipu isiyoonekana. Hapo badili neno moja tu, "ya kwanza" liondoke, na ndani ya wiki hiyohiyo sahihisha maelezo ya chaneli, video ya utambulisho na mpangilio wa orodha zako za video ili mgeni asikute ahadi mbili. Lakini kama kinachobadilika ni mtu mwenyewe, tuseme sasa unataka kuzungumza na wenye karakana wanaoajiri mafundi, fungua chaneli mpya. Ile ya zamani iache na watu wake.