Uvimbe Usiouma Pia Uonwe na Daktari

Kwenye kliniki za matiti hapa Nairobi swali ni lile lile: "Daktari, linauma sana, si ndiyo saratani hiyo?" Mara nyingi siyo. Maumivu yanayoanza siku chache kabla ya hedhi na kupoa damu ikishatoka huletwa na homoni. Saratani ya matiti ikiwa changa kwa kawaida haiumi, na hapo ndipo tunapochelewa: mwenye uchungu hupanda matatu asubuhi hiyo hiyo, mwenye donge lisilouma husubiri hadi shule zifungwe.

Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Kwa wasichana na wanawake wa miaka 15 hadi 35, tunaouona zaidi ni fibroadenoma: mviringo, na ukiugusa hutelezateleza chini ya kidole. Ukithibitishwa na ukiwa mdogo, unaweza kuachwa na kufuatiliwa tu. Kati ya miaka 35 na 50 huzidi vifuko vya maji, ambavyo sindano hufyonza na uvimbe ukanywea papo hapo.

Mama anayenyonyesha akipata homa, titi likawa jekundu na la moto, huenda ni maambukizi. Asiache kunyonyesha, maana maziwa yakikwama, usaha hutunga kwa urahisi. Lakini wekundu usiopungua baada ya dozi kamili ya viuavijasumu usitafutiwe dozi nyingine kwenye duka la dawa. Kuna saratani inayojifanya maambukizi. Ngozi huvimba na kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, na hukua kwa kasi.

Dalili nyingine za kukuleta hospitali ni donge gumu lisilosogea, chuchu iliyoanza kuzama, damu kwenye chuchu, ngozi iliyovutwa ndani, au uvimbe kwapani. Wanaume nao wamo, takriban mgonjwa 1 kati ya 100 wa saratani ya matiti.

Hata hivyo, kidole cha daktari pekee hakitoi hukumu, hata kiwe na uzoefu gani. Huunganishwa na picha (ultrasaundi kwa vijana, mamogramu hasa kuanzia miaka 40) na, inapohitajika, kipimo cha kinyama (biopsi). Sehemu hutiwa ganzi, sindano nene hutoa vipande vyembamba, nawe unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Wengi huikimbia sindano hii wakiamini kwamba inaamsha saratani. Haiamshi. Uvumi umestawi kwa sababu wengi hukubali kupimwa ugonjwa ukiwa umeshaenea. Wakifariki miezi michache baadaye, lawama huiangukia sindano. Mimi ningekuonya zaidi kuhusu kuharakishwa kwenye upasuaji wa uvimbe unaoshukiwa kabla ya kipimo hicho. Vipande hivyo ndivyo huonyesha kama saratani inachochewa na homoni au ina protini ya HER2 kwa wingi, na dawa huchaguliwa kutokana na hayo. Kuna wagonjwa wanaopaswa kuanza na dawa, kisu kifuate.

Ukipimwa, omba nakala ya ripoti ya maabara na uihifadhi pamoja na picha zako. Ukipewa rufaa kwenda Hospitali ya Kenyatta au kwingineko, daktari atakayekupokea ataiulizia ripoti hiyo kwanza.