Je, wajua kwa nini kuvaa kravati kulikuwa kosa Zaire?

Kwa baba mkubwa wangu pale Kamalondo, hapa Lubumbashi, kuna picha ukutani ya mwaka 1978. Amesimama wima, mikono nyuma, koti la kijivu limefungwa vifungo mpaka karibu na shingo, shati halionekani, kravati hakuna (nyie wa Kenya na Tanzania mnaita tai), kwenye mfuko wa juu kachomeka kitambaa kidogo cha rangi. Juzi mtoto wangu wa miaka tisa kaiangalia wee, alafu akauliza: papa, mbona kambo alivaa koti akasahau shati? Kambo ndo babu kwa huku kwetu. Nikataka kumjibu haraka haraka nikaona siwezi, manake jibu lake linaanzia kabla hata mimi sijazaliwa.

Lile koti linaitwa abakosti. Jina limetoka kwenye Kifaransa, à bas le costume, yaani kostimu chini, suti ya mzungu ikome. Toka 1972 mpaka 1990, miaka kama 18 hivi, mwanaume wa Zaire (ndo Kongo ya leo) mwenye kazi ya serikali alikuwa anavaa hilo, na kravati ilikuwa kitu cha kukutia matatani. Sasa leo nenda pale Bâtiment du 30 Juin, ndo fasi, yaani mahali, bunge la mkoa wetu linakutana, nenda siku ya kikao mwezi wa kumi wakati jua la Lubumbashi linachoma mpaka lami inanuka, utaona madepite (wabunge) wanashuka kwenye magari na kostimu nzito, kravati zimekazwa, jasho linatiririka. Kitu kimoja kimekuwa heshima, kikawa kosa, kikarudi kuwa heshima, na yote hayo mzee mmoja ameyaona kwa macho yake.

Ili uelewe lazima urudi kwa Wabelgiji. Enzi hizo mji huu ni Élisabethville, weupe wanakaa ville, weusi wanakaa cité, na kati yao hao weusi kuna wachache wanaitwa évolués, eti ndo wameendelea. Mwaka 1948 serikali ya koloni ikaleta kadi ya kuthibitisha kwamba wewe ni mtu mwema mstaarabu, 1952 ikaleta daraja lingine la juu zaidi, immatriculation, na kuipata hiyo walikuwa wanakuchunguza kweli kweli, wanaingia mpaka nyumbani, wanaangalia unalaje, unakula na nini, mke wako yukoje, unavaa nini. Lumumba mwenyewe, aliyekuja kuwa waziri mkuu wetu wa kwanza, alipita huko, alikataliwa kwanza, akaja kuipata 1954. Kwa hiyo kostimu na kravati haikuwa nguo tu, ilikuwa cheti unachotembea nacho mwilini, mzungu akikuona kwa mbali ajue huyu yuko upande gani. Na ndo maana tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Lumumba anasimama mbele ya mfalme Baudouin wa Ubelgiji kumwambia ukweli wa mateso yetu, na shingoni ana tai ya kipepeo. Tshombe naye, aliyekuja kuitenga Katanga na Kongo siku chache baadaye, suti safi kila siku. Hawa walikuwa maadui, Lumumba akauawa Januari 1961 karibu na mji huu huu, lakini ukiweka picha zao pamoja nguo zinafanana, manake wote walikuwa wanajua ukitaka mzungu akusikilize lazima kwanza uvae kama yeye.

Mobutu akashika nchi Novemba 1965. Tarehe 27 Oktoba 1971 Kongo ikawa Zaire, Katanga yetu ikageuzwa Shaba, mwaka uliofuata majina ya kizungu yakatupwa, yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Hata monsieur na madame zikafukuzwa, mtu ukawa unaitwa citoyen, mama anaitwa citoyenne. Yote hayo yalikuwa na jina moja, authenticité, yaani turudi kwenye kilicho chetu. Abakosti ikaingia hapo. Wengi wanasema aliiga Mao, na kweli ile kola ukiiangalia ni ya Kichina, lakini Mobutu alienda China mara ya kwanza Januari 1973, na yeye mwenyewe alikuja kusema kwamba uamuzi wake wa nguo aliufanya Februari 1972. Vyovyote vile, koti lenyewe halikuwa la mababu wa Kiluba wala wa Kibemba wala wa Kilunda, hakuna nkambo wa mtu aliyevaa vile. Na abakosti za wakubwa zilikuwa zinashonwa Ubelgiji, huko Zellik karibu na Bruxelles.

Mimi naona sababu ya ndani zaidi ni hii. Chama kilikuwa kimoja, MPR, na kila Mzairwa alihesabiwa mwanachama toka anazaliwa, apende asipende. Sasa kama wote ni wanachama utajuaje nani anatii na nani anajifanya? Moyo huuoni, lakini shingo unaiona. Mtu akiingia biroo na kravati huhitaji kumuuliza maswali. Baba mkubwa alikuwa karani kwenye ofisi moja ya serikali, nilimuuliza kama aliwahi kumuona mtu aliyejaribu, akaniambia: «Mwana, nani angejaribu? Kuvaa kravate ilikuwa sawa vile unamutukana Guide.» Guide ndo Mobutu, hilo lilikuwa moja ya majina yake.

Koti lenyewe bado analo, kwenye kasha chini ya kitanda, na harufu ya naftalini. Alinitolea nikalishika. Kitambaa ni kizito, cha ndani kimechakaa kwenye makwapa, kola imekaa chini haina yale majani mawili ya koti la suti, vifungo vitano na kimoja sio rangi ya wenzake. Upande wa kushoto, juu ya moyo, kuna matundu mawili madogo madogo yaliyozungukwa na kutu, hapo ndo beji ya chama ilikuwa inachomwa kila asubuhi kabla ya kwenda kusimama mbele ya bendera. Ameliosha mara ngapi hajui, ile kutu haikutoka. Na cha kushangaza analipenda. Ananiambia siku analivaa mara ya kwanza alijiona mtu, sio mtu anayeiga mtu, na mimi sitamnyang'anya hiyo, kwa sababu kijana aliyekulia cité akiambiwa ukubwa ni kufanana na mzungu, siku anaambiwa usifanane naye lazima kifua kimpanuke. Hiyo furaha ilikuwa ya kweli hata kama amri ilikuwa ya dikteta.

Kitu ambacho watu wanasahau wakisimulia abakosti ni wanawake. Wao walikatazwa suruali, wakakatazwa mini, wakakatazwa wigi, ikabaki kikwembe (nyie mnaita kitenge). Mama zetu walikuwa wanavaa kikwembe toka zamani na wanakipenda, shida sio kikwembe. Shida ni kwamba mwanaume alipewa koti jipya lenye hadhi, limeshonwa kwa ajili ya kuingia kwenye biroo, wakati mwanamke aliambiwa abaki alivyo na miguu aifunike. Na ukichunguza ile wax yenyewe, kitambaa cha kikwembe tunachoita cha Kiafrika, ilianzia viwanda vya Uholanzi vikiiga batiki za Java. Mimi hilo halinisumbui, nguo ni ya anayeivaa na sisi tumeivaa mpaka imekuwa yetu, ila usimwambie mwanamke suruali ni ya kigeni huku unamfunga kitambaa cha Mholanzi.

Kinshasa vijana waliasi kwa njia yao, ndo ile sape, mwanamuziki Papa Wemba na wenzake wakavaa suti za Ulaya za bei kubwa wakati serikali inasema suti chini. Na hapa kuna kitu huwa nakifikiria: tarehe 24 Aprili 1990 pale N'Sele, nje kidogo ya Kinshasa, Mobutu alisimama akiwa na machozi akatangaza mwisho wa chama kimoja, na kwenye hotuba hiyo hiyo akasema kila mtu avae anachotaka, ila yeye hamtamuona na kravati. Papa Wemba akafa tarehe hiyo hiyo, 24 Aprili, mwaka 2016, akiwa jukwaani Abidjan. Imetokea tu, lakini mimi nikifika tarehe hiyo nawaza wote wawili.

Baba mkubwa anasema watu wa ofisini kwake walitafuta kravati kama watu wanatafuta maji, wengine walikuwa hawajui tena kuifunga, kuna mzee mmoja alikuwa anawafungia wenzake kila asubuhi. Lakini sisi wa Lubumbashi hatuwezi kuikumbuka hiyo Aprili kwa furaha tu. Wiki mbili na kidogo baadaye, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi walivamiwa kwenye kampasi ya chuo kikuu chetu, wakapigwa na kuuawa usiku. Shingo zilikuwa zimeachiwa huru, watu bado.

Sasa usidhani ni sisi tu. Jirani zetu wa Zambia, ukivuka Kasumbalesa tu, wana koti linalofanana na abakosti, Kenneth Kaunda alilivaa mpaka likachukua jina lake. Kaunda alikuwa rais toka 1964 mpaka 1991 na suti yake ikasambaa Afrika Mashariki yote. Lakini Novemba 2023 spika wa bunge la Kenya, Moses Wetang'ula, akaipiga marufuku bungeni, mwanaume avae koti, kola, kravati, shati la mikono mirefu, na hii wakati rais wao Ruto mwenyewe alikuwa anaivaa hadharani na kuipendezesha. Yaani vazi lenye jina la mpigania uhuru halifai kwenye bunge la nchi huru! Tanzania, mwezi wa sita 2021, spika Ndugai alimtoa nje mbunge wa Momba kwa sababu ya suruali, baada ya mbunge mwenzake mwanaume kulalamika kwamba imebana. New Zealand mwaka huo huo, Februari, mbunge wa Kimaori Rawiri Waititi alitolewa kwa kukosa tai, alikuwa amevaa kidani cha kabila lake shingoni, akasema tai ni kitanzi cha ukoloni, na kesho yake sheria yenyewe ikafutwa. Hata Ufaransa, wenye hiyo kostimu, 1985 waziri Jack Lang aliingia bungeni na koti la kola kama ya Mao, wakamzomea.

Kuna sababu ya maana ya kuwa na utaratibu wa mavazi, sitaki kudanganya. Wanasheria wetu wakivaa toga nyeusi na kile kitambaa cheupe shingoni, wa familia ya pesa na wa familia ya shida wanafanana, huoni bei ya nguo ya ndani, unasikia hoja. Na mtu akivaa vizuri kuingia fasi ya watu wote anawaambia waliomchagua kwamba hii kazi naijua uzito wake. Hilo nalikubali. Ninachokataa ni mavazi yanapogeuka mlango. Toga inawafunika waliomo ndani wafanane, lakini kravati na suruali na viatu wanavitumia kuchagua nani aingie, na anayechagua kila mara ni yule mwenye kiti, jana alisema kravati ni ukoloni, leo anasema bila kravati ni dharau, na wewe wa nje kazi yako ni kukimbia kubadilisha.

Mwaka juzi mama yangu mdogo alienda kwenye ofisi moja hapa mjini kufuata karatasi ya kiwanja chake. Ametoka Katuba kwa miguu asubuhi, mvua imenyesha, matope mpaka kwenye vifundo, kavaa kikwembe chake kizuri cha kutokea na kandambili, kwa sababu nani anavaa viatu vya kufunga kwenye matope yale. Mlinzi akamsimamisha. «Mama, hapa haiko ku soko. Rudia na bilatu.» Akamjibu kwa upole, «Papa, niko na namba, baliniita leo.» Hapana. Ukutani mle ndani kulikuwa na bango lenye maneno kwamba raia ni mfalme. Akaenda kwa rafiki yake anayeuza unga pale karibu, akaazima viatu vyeusi vya kufunga, namba 37, yeye anavaa 40. Akarudi anachechemea, mlinzi akaangalia miguu, akampisha.

Karatasi ilipigwa muhuri kwa dakika mbili. Aliyeipiga alikuwa nyuma ya meza, kiunoni kwenda chini haonekani, mama mdogo anasema hajui hata alikuwa amevaa nini miguuni.