Paa Limeelea Juu ya Ukuta: Kusaka Kosa Kwenye Revit

Ukikata mkato wa nyumba uliyoichora kwenye Revit, programu ya kuchora majengo kwa kompyuta, ukakuta uwazi kati ya kichwa cha ukuta na paa, usikimbilie kurefusha ukuta. Wengi hufanya hivyo: ukuta unavutwa hadi uguse paa, picha inapendeza, kisha makadirio ya matofali yanatoka na kozi nzima, yaani mstari mzima wa matofali, ambayo fundi hataijenga. Paa la Revit haliendi ovyo. Liko palepale ulipoliambia likae, ila hukujua linapimwa kutoka mstari gani. Ndiyo maana makosa mengi yanayoitwa ya paa mimi huanza kuyatafuta ukutani na kwenye mistari ya mchoro wa paa, si kwenye paa lenyewe.

Tushike mfano mmoja ili namba zisitupotee. Nyumba ina upana wa mita 8. Kuta ni za tofali la inchi 6, yaani milimita 150, na plasta ya milimita 15 kila upande, kwa hiyo unene wote ni 180. Leveli ya juu ya ukuta iko 3000. Mteremko wa paa ni digrii 20, upenu ni milimita 600. Tanjenti ya digrii 20 ni 0.364. Ikariri hiyo, tutairudia sana.

Mstari uliochorwa na mstari uliotokana na ukuta

Ndani ya Roof by Footprint kuna njia mbili za kupata mistari ya paa. Ukitumia Pick Walls, Revit inaujua ukuta. Urefu wa leveli unawekwa penye ukuta, na upenu unateremka kutoka hapo kwenda chini, kama kenchi halisi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, inavyofanya. Ukichora kwa Line au Rectangle, Revit haioni ukuta wowote. Urefu wa leveli unawekwa kwenye mstari wenyewe, na mstari umeuchora ukingoni mwa upenu. Kutoka ukingoni hadi usoni mwa ukuta ni 600, na 600 mara 0.364 ni 218. Ule uwazi wa sentimita 22 unaokusumbua unatoka hapo.

Kutambua ni rahisi. Teua paa, bofya Edit Footprint, kisha teua mstari mmoja mmoja ukiangalia Properties. Ukiona Overhang na Plate Offset From Base, mstari huo umetokana na ukuta. Ukiona Offset From Roof Base, umechorwa kwa mkono. Ile ya mkono ifute. Rudi Pick Walls, andika 600 kwenye Overhang pale juu, hakikisha Defines Slope, inayoamua kama paa linateremka kwenye mstari huo, ina tiki, sogeza kishale upande wa nje wa ukuta mpaka mstari wa vitone uonekane nje, halafu bofya. Kibonye cha Tab kabla ya kubofya kinashika mlolongo wote wa kuta kwa mara moja.

Shida inabaki kwenye baraza. Pale mbele kuna nguzo tu, hakuna ukuta wa kuteua, kwa hiyo mstari lazima uchorwe. Ukiuacha ulivyo, ukingo wa upenu wa baraza unapanda juu ya upenu wa jirani zake na paa linaota pembetatu ya ajabu pale kwenye kona. Dawa ni kuuteua mstari wa baraza na kuandika -218 kwenye Offset From Roof Base. Namba hiyo ni sahihi kama paa limewekwa kwenye Truss. Kama liko kwenye Rafter, andika -284. Tofauti hiyo inatokana na kitu ambacho watu wengi hawajawahi kukigusa.

Rafter au Truss

Kwenye Properties za paa kuna chaguo lenye majina hayo mawili. Usidhani ni mapambo, wala halichori kenchi. Linaamua urefu upimwe usoni mwa ukuta upi: Rafter inapima uso wa ndani, Truss uso wa nje. Kwa ukuta wetu wa 180, kubadili kutoka moja kwenda nyingine kunalihamisha paa zima kwa 180 mara 0.364, yaani milimita 65 na ushee. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuchora nyumba ileile, leveli zilezile, na migongo ya mapaa yao isilingane. Na chaguo hilo linafanya kazi kwenye mistari iliyotokana na kuta peke yake. Mistari ya mkono haijali.

Kwa nyumba zetu za kenchi za mbao, mimi huweka Truss. Kenchi inakaa juu ya mbao iliyolala ukutani, na sehemu ninayotaka kuidhibiti ni ile fundi anayoweza kuipima akiwa nje na futi yake.

Kuna pia kisanduku cha Extend to wall core. Ukikitia tiki, upenu unapimwa kutoka kwenye tofali badala ya plasta. Nakipenda kwa michoro ya saiti kwa sababu huku paa huezekwa kabla ya plasta. Lakini mistari itahama kwa milimita 15, kwa hiyo weka Spot Elevation ukingoni mwa upenu na usome urefu upya kabla ya kusawazisha baraza. Hesabu zangu hapo juu hazina tiki hiyo.

Si kila ukuta unafungwa na paa

Attach Top/Base inafundishwa kwenye video nyingi kama hatua ya lazima: teua kuta zote, bofya, gusa paa, mambo tayari. Kwa ujenzi wa tofali na kenchi ni ushauri mbaya. Kuta za nje za paa linaloteremka pande zote nne huishia kwenye leveli, juu kuna zege la mkanda na mbao, basi. Kuta za vyumba nazo huishia hapohapo, na dari hutundikwa chini ya kenchi.

Chukua ukuta wa ndani unaofuata mgongo wa paa kwa chini, mita 4 kwa mlalo. Mgongo uko mita 4 kutoka ukuta wa nje, kwa hiyo paa pale liko juu ya leveli kwa 4000 mara 0.364, yaani 1456. Ukiufunga ukuta huo na paa, umeongeza karibu mita za mraba 5.8. Tofali la 450 kwa 225 pamoja na udongo wake wa saruji wa milimita 10 linakula takriban matofali 9 kwa mita moja ya mraba. Zaidi ya matofali 50 yameingia kwenye jedwali kwa mbofyo mmoja, na huo ni ukuta mmoja tu.

Kinachofungwa ni ukuta wa gebo, ule wa mwisho wa paa unaopanda kwa umbo la pembetatu. Ondoa tiki ya Defines Slope kwenye mstari wa upande huo, maliza paa, teua ukuta, Attach Top/Base, chagua Top, gusa paa. Likitokea onyo kwamba kuta zimefungwa lakini hazilifikii paa, tazama kutoka juu: mara nyingi mstari wa paa upande wa gebo haufiki uso wa nje wa ukuta, na sehemu ya ukuta inachungulia nje ya ukingo wa paa. Sehemu iliyo chini ya paa inapanda, iliyo nje inabaki kwenye urefu wake wa zamani. Ongeza upenu, hata 300, onyo litaondoka.

Gebo dogo la katikati ya upande mrefu, lile la juu ya mlango mkubwa, linahitaji njia nyingine. Kata mstari wa upande huo kwa Split Element upate vipande vinne: viwili vya pembeni, na viwili vya gebo vinavyokutana katikati. Ondoa Defines Slope kwenye vipande vya gebo, kisha chora Slope Arrow mbili, kila moja ianzie mwisho wa nje wa gebo na ikutane na mwenzake katikati. Hapa ndipo watu hukwama: mshale mpya huja ukiwa umewekwa Height at Tail, kwa hiyo mteremko hautoki digrii 20. Teua mishale yote miwili, badili Specify iwe Slope, andika 20.

Miteremko miwili, fishabodi hazikutani

Mteja anataka mbele digrii 20 na pembeni digrii 30. Revit itakubali, ila ukingo wa mbele utashuka 218 na wa pembeni utashuka 346, kwa maana 600 mara 0.577, tanjenti ya digrii 30. Kwenye kona fishabodi, zile mbao za ukingo wa upenu, zinapishana milimita 128. Ukiwa ndani ya Edit Footprint tumia Align Eaves. Ukichagua Adjust Overhang, upenu wa pembeni unafupishwa mpaka 378 na kingo zinalingana. Ukichagua Adjust Height, upenu unabaki 600 na paa la pembeni linanyanyuliwa 128 juu ya ukuta, na uwazi ule wa mwanzo umeurudisha mwenyewe. Mimi huchagua ya kwanza, ila mwambie mteja mapema kwamba pembeni upenu utakuwa mfupi na mvua itapiga ukuta zaidi.

Paa la kuficha lisilofichika

Hili, yaani paa lililofichwa nyuma ya kuta zilizopandishwa, linaombwa sana siku hizi. Kuta za nje zinapandishwa kwa Top Offset na hazifungwi na paa kabisa. Mistari ya paa ifuate uso wa ndani wa kuta hizo, na upande wa mfereji uiache nyuma milimita 400 ili mfereji upate nafasi. Defines Slope iwe na tiki kwenye mstari huo wa mfereji peke yake.

Kosa liko kwenye hesabu ya urefu. Bati lenye mteremko wa digrii 5 tu, likipita mita 9, linapanda milimita 787. Ongeza 100 za bati na papi (mbao zinazopigiliwa bati), unakaribia 890. Ukuta wa kuficha ulionyanyuliwa 600 utaonyesha bati upande wa juu kwa karibu sentimita 29, na mteja ataliona akiwa barabarani. Ama pandisha ukuta, ama weka mgongo katikati na mifereji miwili: kila upande unapita mita 4.5 na kupanda 394, na 600 inatosha. Ninapendekeza njia ya pili, japo mfereji wa ziada ni gharama, kwa sababu ukuta mrefu wa tofali la inchi 6 usio na nguzo hauaminiki.

Mengine, kwa ufupi

Paa linaonekana kama pete kwenye ramani, katikati tupu: mwonekano unalikata. Fungua View Range ya ramani ya paa, pandisha Top kwanza, kisha Cut plane juu ya mgongo. Kwa nyumba yetu 2500 juu ya leveli inatosha.

Upenu unaonekana mnene kama boriti: bado unatumia aina ya Generic - 400mm iliyokuja na kiolezo. Bofya Edit Type, tengeneza nakala, weka tabaka la bati na papi lisilozidi 100, na kenchi uzichore peke yake. Baada ya hapo pandisha Plate Offset From Base, maana chini ya paa sasa ni chini ya papi, si chini ya kenchi. Mbao ya inchi 2 kwa 4 ikilala kwa digrii 20 ina kina cha wima cha milimita 106.

Onyo la kuta kupandana: mara nyingi mtu alichora juu ya faili la CAD akapita mara mbili. Pick Walls ikishika ukuta wa chini badala ya wa juu, mistari haifungi mzunguko na Revit inakataa kumaliza paa. Nenda Manage, fungua Review Warnings, futa ukuta wa ziada kabla ya kugusa paa tena.