Maziwa ya Punda na Mzio wa Maziwa ya Ng'ombe: Lebo Isiahidi Kisichokuwemo

Malalamiko kuhusu maziwa ya punda yanayouzwa kwa maandishi ya "hayaleti mzio" yamezidi, na wengi wanaolalamika ni wazazi wa watoto wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe. Kauli hiyo haikubaliki. Protini ndiyo inayoamsha mzio, na maziwa haya yana protini. Linaloweza kusemwa kwa haki ni kwamba watoto wengi wenye mzio huo huyavumilia, wala si wote.

Sababu imo katika mpangilio wa protini zenyewe. Gramu 100 za maziwa ya punda huwa na protini ya gramu 1.5 hadi 1.8, takribani nusu ya ile ya maziwa ya ng'ombe. Katika maziwa ya ng'ombe, kaseini, protini kuu ya maziwa, ni kama asilimia 80 ya protini yote, ilhali katika ya punda ni karibu nusu tu. Kaseini aina ya alfa-s1, mojawapo ya zinazochochea mzio zaidi, imo kwa kiasi kidogo, na muundo wake umetofautiana na wa ng'ombe kiasi kwamba kingamwili za mtoto mara nyingi haziitambui. Maziwa ya mbuzi hayana nafuu hiyo, kwa kuwa kaseini yake inafanana mno na ya ng'ombe. Tumelieleza jambo hili mara nyingi, na bado watoto wenye mzio wanapewa maziwa ya mbuzi. Hata hivyo, beta-laktoglobulini, protini nyingine ambayo haimo katika maziwa ya mama, imo katika ya punda, na huwadhuru baadhi ya watoto.

Anayesumbuliwa na laktosi, yaani sukari ya maziwa, hatapata ahueni yoyote hapa, maana laktosi ya maziwa ya punda hukaribia gramu 7 kwa kila gramu 100. Mafuta nayo ni machache, mara nyingi chini ya gramu 1, kwa hiyo mtoto mchanga hawezi kukua kwa maziwa haya peke yake bila daktari kupanga nyongeza. Wingi wa lisozimu, kimeng'enya kinachodhibiti baadhi ya bakteria, hauhalalishi kuyanywa mabichi: yapashwe nyuzi 63 za Selsiasi kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15.

Mtoto mwenye mzio aonjeshwe kwa mara ya kwanza hospitalini, kwa vipimo vinavyoongezwa hatua kwa hatua, dawa ya adrenalini ikiwa tayari, na abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa.

Kwa wauzaji: lebo itaje mnyama aliyetoa maziwa, namba ya toleo, tarehe ya mwisho ya matumizi na neno "maziwa" katika orodha ya viambato vya mzio. Kuchanganya maziwa ya ng'ombe, hata kidogo, ni udanganyifu unaoweza kumuua mtoto, na maabara huubaini kwa kupima vinasaba au protini. Hatua hufuatana: bidhaa huzuiwa, toleo zima huondolewa sokoni kwa gharama ya muuzaji, kisha hufuata faini, kufutiwa leseni au mashtaka, kwa mujibu wa sheria ya nchi husika. Mlalamikaji aihifadhi chupa pamoja na maziwa yaliyosalia kwenye jokofu na asibandue lebo, kwa sababu bila namba ya toleo mkaguzi hawezi kulifuatilia toleo hilo hadi lilikotoka.